Daraja Nililolivunja kwa Mdomo

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo mzima wa Chitete na wa Tunduma, walioketi na waliokosa viti, natangaza jambo zito lililotokea nyumbani kwangu. Kuku wako mwenye kishungi, yule uliyemwachia mke wangu Rahabu, ametaga mayai saba ndani ya helmeti yangu nyeupe na sasa ameyalalia. Helmeti haivaliki tena. Jumapili nimekwenda kanisani kichwa wazi, jua likinichoma upara, na binti yako hakunionea huruma hata kidogo. Alisema, "Mwache mama wa watu. Hiyo kofia ndiyo mara ya kwanza inafanya kazi ya maana."

Hiyo ndiyo habari. Nyingine kubwa sina. Mahindi ni ya wastani, na goti langu la kulia bado linatabiri mvua na kukosea.

Siku ya kujengea kaburi lako imewekwa. Shemeji zangu wamekuja kuniambia, "Wewe ndiwe mkwe mkubwa, utasema neno." Nimewaomba niliandike kwanza, kisha nilisome mbele yako na mbele yao. Wamefikiri nimeiga ustaarabu wa mjini. Sivyo. Mdomo wangu ukiachwa peke yake hutafuta njia ya kupitia pembeni, na safari hii nataka uende moja kwa moja. Neno lenyewe linahusu mwaka ule ulipopika kwa ajili yangu nikakosa kufika. Wote mnajua sababu: daraja lilivunjika. Nitalifikia, mama. Ila mimi ni mwoga, na mwoga huanza na habari za kuku.

Watoto wetu waliosomea mbali hucheka tukiwaambia kwamba kwa miaka kumi na minne mimi na wewe hatukuonana uso kwa uso. Wanadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Ndivyo tulivyoheshimiana. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawaitani jina, mpaka siku ile mama mwenyewe atakapopika, amwite mkwe na kumwingiza ndani ya nyumba yake. Hapo heshima ya kujificha inakwisha, inaanza heshima ya kutazamana. Siku huichagua mama. Kazi ya mkwe ni kuja tu. Kuja tu! Hata mbuzi akiitwa huja.

Lakini miaka ile kumi na minne hatukukaa kimya. Nilikuwa nikifika na mzigo wa kuni, nautua nyuma ya ghala, nakohoa mara mbili. Wewe ulikuwa unajitanda kanga, unageukia ukuta wa jiko, unaanza kuzungumza na kuku.

"Kuku wewe, mwulize huyo anayekohoa, mwanangu amepona homa?"

"Kuku, mwambie mama amepona. Jana amekula."

"Kuku, mwambie kuni zake zimejaa mchwa."

"Kuku, mwambie mama hizo ndizo zinazowaka upesi."

"Upesi gani, kuku? Upesi kama paa la nyumba yake alipoweka jiko chini ya nyasi?"

Kuku maskini alikuwa anadonoa mtama wake, hana habari kwamba amebeba mashtaka ya watu wawili wazima. Nami nyuma ya ghala nilikuwa naziba mdomo kwa kiganja nisicheke kwa sauti, maana kucheka na mama mkwe nako ni utovu wa adabu.

Unaikumbuka ile siku ya mtoni? Nilikuwa napanda, wewe unashuka na mtungi, njia nyembamba kama mkanda. Nilikuona kona ya mwisho kabisa nikajirusha kichakani. Sikuchagua kichaka. Kilikuwa cha upupu. Nililala humo nikijing'ata mkono nisijikune, nikasikia hatua zako zimesimama.

"Mtungi wangu," ukasema polepole, "mwambie mtu aliye kwenye upupu kwamba ng'ambo ya njia kulikuwa na majani mazuri tu."

Nilijikuna siku mbili. Rahabu alinipaka majivu huku akilia kwa kicheko.

Basi hivyo ndivyo nilivyokujua: sauti, kisogo, na nyayo. Ningekutambua kwa kisogo katika mkutano wa watu mia. Nilijua kisigino chako cha kushoto kina ufa na kwamba ukikasirika unakikanyagia kwa nguvu. Wewe ulinijua kwa kikohozi.

Na ulinijua kwa daraja. Miaka ile nilikuwa nyapara wa barabara, nina filimbi shingoni na watu kumi na wawili chini yangu, nikatumwa kujenga daraja pale mtoni, chini ya nyumba yako. Magogo manne ya mninga, mbao juu yake, misumari ya kutoka Mbeya. Ulituletea togwa kila siku kwa mkono wa mama mdogo Yusta, na salamu juu yake: "Waambieni wasijenge kama wanavyoleta kuni."

Siku tuliyomaliza, asubuhi mapema, nilikuwa chini ya daraja nikikagua magogo, maji yamenifika magotini, ndipo nikakusikia unakuja. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikabaki pale pale. Ukapanda juu ya mbao, ukasimama katikati, juu ya kichwa changu, ukakanyaga mara tatu kwa kile kisigino.

"Daraja," ukasema, "umesimama. Mwambie aliyekujenga, nimeona."

Nimepata sifa chache maishani, nyingi nimejipa mwenyewe. Hiyo nilipewa. Nilisimama majini hadi miguu ikafa ganzi.

Mwaka uliofuata walipunguza watu wa barabara, nami nikapunguzwa pamoja na filimbi yangu. Kwenu sikusema. Nilipoulizwa na kuku, "Kazi inaendeleaje?" nilimjibu kuku, "Inaendelea." Kuku hana macho ya kuona kwamba shingo haina filimbi. Pale Tunduma nilikuwa nabeba magunia, nachoma mandazi, nasubiri bahati ishuke mpakani.

Bahati ikashuka kweli, ikiwa na magurudumu sita.

Mnalijua lile gari, wengi mliliona. Lori lililojengewa nyumba mgongoni: madirisha mawili yenye pazia la maua, mlango nyuma, ngazi ya kukunja, ndani vitanda, stovu ya mafuta ya taa, pipa la maji na kabati la vikombe. Wenyewe walikuwa Mzungu mmoja mzee na mkewe, wametoka kusini kabisa, wanakwenda kaskazini kwenye ile mbuga kubwa ambako serikali imepiga marufuku kuwinda ili watu wakawatazame wanyama bure. Tunduma nzima ilisimama kulizunguka.

"Nyumba imehama!" akasema mmoja.

"Wamechoka kuacha nyumba nyuma, sasa wanatembea nayo kama konokono."

Bibi mmoja Mnamwanga akaizunguka mara mbili, akachungulia chini ya magurudumu, akauliza, "Na kaburi la babu yao wamelipakia wapi?" Akaondoka akitikisa kichwa. "Nyumba isiyo na kaburi! Hilo ni sanduku."

Yule Bwana alitandaza ramani juu ya boneti, akauliza nani anazijua barabara za huku. Nikapiga hatua mbele kabla sijafikiri, kama kawaida yangu. "Mimi, Bwana. Nyingine nimezijenga."

"Sitaki njia fupi," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Nataka njia nzuri."

"Njia nzuri ni isiyo na mashimo, Bwana. Nitakuonyesha."

Mkewe akacheka, akagusa jicho lake kwa kidole. "Nzuri ya macho, Simoni. Njia ya macho."

Nilisema ndiyo, ndiyo, lakini sikuelewa. Mimi nilijua njia ni kitu cha kufikia. Nilichimba barabara miaka tisa na sikuwahi kumwona mtu akichagua ya mbali kwa sababu ya mandhari. Lakini nikafikiri, nikakumbuka pale juu ya Chitete, mahali ukisimama ukingoni unaona bonde la Rukwa lote limelala chini, na siku ya hewa safi unaona mavumbi ya makundi ya wanyama. Nikawaambia. Bibi, yule mkewe, akapiga makofi kama mtoto. Ikakubaliwa: Ijumaa kujipanga, Jumamosi kwenda Chitete, kisha turudi barabara kuu tupite Mbozi hadi Mbeya, ambako wangepata mtu mwingine.

Jioni hiyo hiyo Rahabu alirudi kutoka kwako. Alikuwa amekwenda kukuona kwa sababu ya macho. Nilimwambia habari za nyumba yenye magurudumu, naye hakucheka. Akakaa chini.

"Jicho la kushoto la mama limekwisha," akasema. "La kulia anasema anaona kama kupitia maziwa. Amesema yuko tayari kukuingiza nyumbani. Amesema hivi, nikuambie neno kwa neno: 'Nisipomwona mavuno haya, sitamwona. Nimemwozesha binti yangu kwa kikohozi. Nataka uso.'"

Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi. Sina mbuzi.

Nikarudi nikamwambia Rahabu kwamba ni vizuri sana, kwamba njia yenyewe inapita mlangoni kwako, kwamba Jumamosi nitashuka kwenye lile gari mbele ya wote. Tukakutumia habari kwa mtu wa chumvi aliyekuwa anashuka kesho yake. Nawe ukaanza kupika. Ulipika nini sikujua mpaka baadaye: jogoo wawili, ugali wa ulezi, maharage yenye karanga, na pombe uliyomwagiza Yusta aipike mwenyewe kwa sababu huwaamini wengine. Ulitandika mkeka mpya katikati ya nyumba. Jogoo mmoja, nasikia, alikuwa mwana wa kuku wetu msema-maneno.

Ninyi nyote mnakumbuka kilichofuata. Jumamosi gari halikuja. Alikuja mwinjilisti Ambokile, mtu wa Ikinga, juu ya baiskeli, akakuletea maneno yangu: mkweo anasikitika mno, daraja limevunjika, gari limelazimika kuzunguka. Nawe ukawageukia wageni wako, ukasema kwa sauti, "Mmesikia? Daraja limevunjika. Mkwe wangu afanye nini, aruke? Kuleni." Wakala.

Mimi wakati huo nilikuwa Mbozi, nawaonyesha wageni wangu lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Walilishangaa sana. Bwana aligonga kwa fundo la kidole, likalia kama kengele ya kanisa maskini. Bibi akaniuliza, "Simoni, mbona huna furaha? Ni zuri mno." Nikasema tumbo. Wakapita kati ya mashamba ya kahawa wakisimama kila kilima, "Tazama! Tazama!" nami natazama na sioni kitu. Ndiyo siku niliyoelewa maana ya njia ya macho, mama. Watu walikuwa wamevuka nchi tatu ili macho yao yashibe kabla ya kuzeeka.

Pale kwenye jiwe Bwana alinipiga picha. Mbeya akanipa ile helmeti, tukaagana, nikarudi Tunduma juu ya lori la viazi nikiwa nimeivaa. Rahabu alinisubiri mlangoni.

"Daraja limevunjika?"

"Limevunjika."

"Lile lako?"

"Lile lile."

Akaitazama helmeti yangu, akaingia ndani. Hakuuliza tena. Laiti angeuliza.

Nilisema nitakuja wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mwezi ujao. Mtu aliyedanganya huona aibu, na aibu humfanya achelewe, na kuchelewa humwongezea aibu. Nilikuja Krismasi, mvua imeshika. Nilivuka daraja langu kwa miguu, peke yangu, chini maji yamejaa yananguruma. Halikutikisika hata kidogo. Mninga ni mti mwaminifu.

Uliniingiza nyumbani siku ile. Hukunilaumu. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, kanga mabegani, na kwa mara ya kwanza niliona uso wako: paji pana kama la Rahabu, kovu dogo kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Macho yako yalikuwa wazi, yananielekea, na hayakuwa na kitu ndani. Yale maziwa yalikuwa yamefunika yote mawili.

"Sogea," ukasema. Kwangu mimi. Bila kuku.

Nikasogea. Ukanyoosha mikono ukaushika uso wangu. Ulipapasa paji, nyusi, pua, ukasema, "Kumbe hii ndiyo pua aliyorithi Tabu wenu, maskini mjukuu wangu." Watu wakacheka. Kisha ukafika masikioni, ukayashika yote mawili, ukayapima kati ya vidole kama mtu anayechagua majani ya tumbaku.

"Masikio makubwa hivi," ukasema, "na bado hukusikia."

Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Nilifikiri ni mzaha.

Halafu ukauliza, "Na lile daraja? Lilitengenezwa?"

Mama, nilikuwa ndani ya nyumba yako, kwenye mkeka wako, uso wangu mikononi mwako. Nikasema, "Lilitengenezwa, mama."

"Vizuri," ukasema. "Nilikuwa na wasiwasi nalo." Ukaniachia masikio.

Picha ya yule Bwana ilifika kwa posta baada ya miezi. Nilikuletea, nikiwa nimeifunga kwa kitambaa, nikidhani hata usipoiona utaishika tu. Uliizungusha vidoleni. Ukapitisha kidole ukingoni, upande wa chini, ambako nilikuwa nimeikata kwa mkasi, na mkasi wenyewe butu.

"Kuku," ukasema, na tangu uniingize hukuwa umemtumia kuku, "mwulize huyu, mbona picha yake inaishia shingoni?"

Nilisema iliharibika njiani. Ukaitia chini ya mto wako. Shemeji zangu waliikuta huko siku ya msiba.

Na siku ya msiba ndipo Yusta aliponivuta kando. Tulikuwa tumetoka makaburini, ananawa mikono. Hakuniangalia.

"Nikuambie kitu, mkwe. Ile siku ya jogoo wawili. Mwinjilisti aliposema daraja limevunjika, dada alikuwa bado anaona kidogo. Alimtazama viatu."

"Viatu?"

"Vilikuwa na vumbi. Baiskeli ina vumbi. Mtu amevuka mto, daraja limevunjika, na viatu vina vumbi! Nasi wenyewe tulikuwa tumelivuka alfajiri na mizigo ya kuni, yeye akiwa ameshika bega langu. Nilifungua mdomo niseme. Akanifinya hapa." Akanionyesha mkono. "Akasema, 'Daraja limevunjika, Yusta.' Akatutazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake la maziwa. 'Limevunjika. Atakayesema limesimama asile kwangu.' Tukala tukanyamaza. Tumenyamaza mpaka leo."

Nilimwuliza Ambokile naye, kwa nini alipeleka neno ambalo macho yake yameona si kweli. Akasema, "Nilitumwa maneno. Sikutumwa daraja." Ni mtu mwema, msimlaumu.

Sasa nimefika, mama. Kuku wamekwisha. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya Ijumaa, wakati wewe unachinja, Bibi alinipa aproni nyeupe yenye ukingo wa maua na beseni la nguo. Sikuwa nimeelewa kwamba kuonyesha njia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kupika chai, kuosha vyombo na kufua, na katika kufua zilikuwemo nguo zake za ndani. Nilifua. Ni kazi, na walinitendea vizuri, siwezi kusema vingine. Jumamosi asubuhi zilikuwa bado mbichi, tukazitundika kwenye kamba ndani ya gari, ili nizianike nje tutakaposimama.

Tulifika njia panda. Bwana akazima mashine, akafungua ramani. Mwinjilisti Ambokile alikuwa kando ya barabara anajaza upepo baiskeli yake.

"Kushoto Chitete, siyo, Simoni?"

"Leo nitaona bonde," akasema Bibi.

Nilikuwa nimevaa aproni. Fundo lake lilikuwa moja tu, mgongoni. Ningelifungua, kwisha. Au ningesema, "Tutasimama kwa mama mkwe wangu, amenipikia, naomba saa moja msinitume." Wasingekataa. Bibi yule angekukumbatia, ungepata shida ya kumtoa. Nilijua yote hayo nikiwa nimekaa pale. Lakini niliona zile nguo zinaning'inia nyuma yangu, nikakuona wewe umesimama mlangoni. Umengoja miaka kumi na minne, unafungua jicho lililobaki, na kitu cha kwanza unachokiona ni mkweo nyapara, hana filimbi, ana aproni ya maua, ameshika gauni la ndani la mke wa mtu.

Nikasema, "Bwana, daraja la Chitete limevunjika."

"Limevunjika? Lini?"

"Mvua, Bwana."

Ulikuwa mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi. Bwana alikuwa mgeni, hakujua. Ambokile aliacha kujaza upepo, akaniangalia, akaiangalia mbingu.

"Mvua?" akauliza.

"Wewe peleka tu hivyo kwa mama," nikamwambia. "Sema nasikitika mno."

Bwana akakunja ramani. Bibi akasema pole yake, akageuza uso dirishani. Nami nikanyoosha mkono kulia.

Miaka yote hii nimejifariji kwamba nilijificha kwa heshima, kama tulivyozoea. Mila haikunizuia. Mila ilikuwa imekwisha kufungua mlango na kutandika mkeka. Aliyezuia ni mimi, kwa sababu ya aproni. Uliomba uso wangu ukiwa bado na jicho, nami nikakunyima, kisha nikalisingizia daraja, kitu pekee nilichowahi kukifanya ukakisifu. Nawe ukalibeba hilo mbele ya wageni wako ili mimi nisiaibike. Mkeka, jogoo, pombe, jicho, vyote ukaniachia, na heshima yangu ukanitunzia mpaka kaburini.

Sistahili kuitunza zaidi ya hapo. Wakwe zangu, shemeji zangu, nyote mliotoka Tunduma asubuhi hii: daraja halikuvunjika siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mmelivuka kuja hapa.

Pumzika, mama. Mayai yakianguliwa nitakuletea kifaranga mmoja hapa Chitete, mwenye kishungi, ili usikose wa kuzungumza naye.

Ni mimi mkweo,
yule mwenye masikio.